Fahamu: Nani anaunguza machipukizi ya mkorosho?

Mvua zikiisha Mtwara na Lindi, mikorosho huchipua upya, na hapo ndipo wadudu huingia. Machipukizi yakinyauka na kuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto, usikimbilie salfa. Ni kupoteza pesa. Salfa ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoacha unga mweupe kwenye maua na majani machanga. Pasipo unga, mtafute mdudu.

Wa kwanza kushukiwa ni mbu wa mikorosho. Huyu si mbu tunayemjua nyumbani. Ni mdudu mwembamba wa jamii ya kunguni, mwenye kimwiba kilichosimama mgongoni. Hufyonza utomvu wa machipukizi na majani machanga huku akiingiza mate yenye sumu, na kila alipodunga hubaki doa jeusi lenye pembe. Mkague asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali.

Kunguni wa minazi, wa kahawia na mkubwa zaidi, hupenda korosho changa: hubonyea, husinyaa, huwa nyeusi. Ukiona gundi na ungaunga wa mbao shinani, huyo ni bungua. Dawa ya kupuliza majani haimfikii.

Kabla ya kupuliza, tazama kama kuna majimoto, sisimizi wanaoshona majani kuwa viota. Wanauma kweli, na wavunaji huwachukia, lakini huwinda mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi pia. Ukilazimika kutumia dawa ya wadudu, iruke miti yenye viota vyao.