Nyasi za Minnesota hupandwa Agosti, si Aprili

MKENYA anayehamia jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na hatimaye kununua nyumba, hujikuta na shamba dogo asilolizoea: ua wa nyasi zisizolisha ng'ombe wala mbuzi, lakini ambazo zikiachwa zirefuke kiholela zaweza kumletea barua ya onyo na kisha faini kutoka kwa baraza la mji. Miji mingi ya huko imeweka kikomo cha urefu wa nyasi kisheria.

Wengi huanza na jambo linaloonekana kuwa la busara. Theluji inapoyeyuka mwezi Aprili na kuacha mabaka matupu, wao hukimbilia dukani kununua mbegu, jinsi mkulima wa Kiambu anavyokimbilia shambani mvua ya masika inapobisha hodi. Mbegu humea, na mwezi Mei ua hupendeza. Kufikia Julai, sehemu kubwa ya miche hiyo imekauka au imemezwa na magugu. Kosa haliko kwenye mbegu bali kwenye kalenda.

Nyasi zinazohimili majira ya baridi ya kaskazini zina tabia tofauti na zile za nchi za joto. Hustawi hewa inapokuwa kati ya nyuzi 15 na 24 za Selsiasi, yaani mara mbili kwa mwaka: baada ya theluji kuyeyuka, na tena majani ya miti yanapoanza kupukutika. Katikati ya vipindi hivyo kuna joto linaloweza kupita nyuzi 30.

Mche uliopandwa Aprili hukutwa na joto hilo mizizi yake ingali mifupi. Wakati huo huo, magugu ya msimu mmoja huanza kuota udongo unapofikia takriban nyuzi 13, na kwa kuwa yenyewe hupenda joto, huushinda mche huo nguvu.

Anayepanda kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba huyakuta mambo kinyume. Udongo ungali na joto la kuotesha mbegu upesi, hewa inapoa, na magugu hayo yanaelekea kufa kwa jalidi ya kwanza. Miche hupata majuma kadhaa ya kujenga mizizi kabla ya ardhi kuganda, na majira ya joto yanapowadia mwaka unaofuata, huwa imekwisha kukomaa.

Mbegu zenyewe kwa kawaida huuzwa zikiwa zimechanganywa. Aina iitwayo kitaalamu Poa pratensis, ambayo Wamarekani wameipa jina la jimbo la Kentucky ingawa asili yake si huko, huenea kwa mashina yatambaayo chini ya ardhi na kuziba mapengo yenyewe, lakini huchukua majuma mawili hadi manne kuota. Raigrasi huota kwa siku 5 hadi 10. Feskyu zenye majani membamba huvumilia kivuli na udongo usio na rutuba. Mwenye ua uliozingirwa na miti mikubwa asipoteze pesa zake kwa aina ya kwanza.

Na nyasi za Kikuyu, ambazo zimeibeba sifa ya nyanda za juu za Kenya hadi Australia? Hizo hazifai kabisa. Baridi ya Minnesota, inayoweza kupita nyuzi 20 chini ya sufuri, huziua. Isitoshe, serikali ya Marekani imeziorodhesha miongoni mwa magugu hatari, hivyo anayewaza kufunga vipandikizi vya Limuru ndani ya sanduku la safari na aliondoe wazo hilo.

Baada ya kupanda, kosa linaloharibu nyua nyingi ni kukata nyasi zikawa fupi mno kwa matumaini ya kupumzika kazi. Jani ndilo jiko la mmea. Likinyolewa, mizizi hukosa chakula. Urefu wa takriban sentimita 7 na nusu hufaa, na isikatwe zaidi ya theluthi moja kwa wakati mmoja. Vipande vilivyokatwa viachwe papo hapo, kwani huoza na kuurudishia udongo naitrojeni.

Maji ya kiasi cha milimita 25 kwa juma, mvua ikihesabiwa, hutosha. Nyasi zilizokomaa zikigeuka rangi ya kahawia mwezi Julai, mara nyingi hazijafa bali zimelala, na huamka mvua zinaporejea.

Kuhusu mbolea, sheria ya Minnesota inayotumika jimboni kote tangu mwaka 2005 inazuia fosforasi kwenye nyasi za nyumbani, isipokuwa pale zinapopandwa upya au vipimo vya udongo vinapoonyesha upungufu. Jimbo hilo hujitambulisha kwa maziwa yake 10,000, na fosforasi inayosombwa na mvua hulisha mwani unaoyageuza maji kuwa rangi ya kijani. Naitrojeni haijakatazwa, na wakati wake bora ni mapema Septemba.

Aidha, wapo waliochoshwa na mashine ya kukatia nyasi. Mwaka 2019 jimbo lilianzisha mpango wa kuwasaidia wakazi kifedha kupanda maua yanayowalisha nyuki mahali pa nyasi, na sheria ya mwaka 2023 ikaitaka miji iwaruhusu wenye nyumba kukuza mimea ya asili inayotunzwa, hata ikipita kikomo cha urefu. Hata hivyo, sheria hiyo haimkingi aliyetelekeza nyasi za kawaida zijiotee zipendavyo. Huyo bado ataletewa barua.