Simu nzima, mfumo mzee: Uliza miaka kabla ya kulipa
Na MWANDISHI WETU

HUENDA simu yako haina ufa hata mmoja kwenye kioo na betri yake ingali inamaliza siku. Kisha asubuhi moja unafungua WhatsApp usome ujumbe wa mwalimu wa mtoto, nayo inakuarifu kwamba haifanyi kazi tena katika simu hiyo. Unadhani bando imekwisha. Unaizima, unaiwasha. Wapi! Hata fundi akiitazama anasema haina ugonjwa.

Msomaji, simu hiyo haijaharibika. Imezeeka kwa ndani. Kila simu ya kisasa huendeshwa na mfumo, yaani programu kuu inayoziamrisha nyingine zote. Katika simu nyingi hapa nchini mfumo huo ni Android, wa kampuni ya Google. Katika iPhone ni iOS, wa Apple. Kila mwaka hutoka toleo jipya, na wenye programu hatimaye huyaacha yale makongwe. Mathalani, WhatsApp ilijiondoa katika Android 2.3.7 na matoleo yaliyotangulia mnamo Februari 1, 2020. Oktoba 24, 2023 ikaanza kudai Android 5.0 au zaidi.

Wengi wetu tunaikumbuka Huawei IDEOS, ambayo Safaricom iliiuza mwaka wa 2011 kwa bei isiyofika Sh10,000. Ilikuja na Android 2.2. Hata leo ukiikuta kabatini ikiwa nzima, WhatsApp haitaikubali.

Mbona matoleo ni mengi?

Apple hutengeneza simu na mfumo wake yenyewe, hivyo toleo jipya hutoka kwake moja kwa moja hadi kwa mwenye simu. Ndiyo maana iPhone 5s, iliyoanza kuuzwa Septemba 2013, ilipata kiraka cha usalama hata Januari 2023.

Android hupita mikono mingi. Google hulitoa toleo, mwenye kutengeneza chipu hulirekebisha, kisha kampuni ya simu huliingiza katika kila aina ya simu yake, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ni gharama, na simu yenyewe imeshauzwa. Aghalabu zile za bei nafuu ndizo huachwa kwanza. Hivyo basi, majirani wawili katika ploti moja wanaweza kuwa na simu za kufanana kwa sura lakini zenye matoleo tofauti kabisa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hatari haiishii kwenye WhatsApp. Mwaka wa 2015 wataalamu waligundua dosari katika Android iliyopewa jina Stagefright. Mhalifu aliyejua nambari yako tu angeweza kukutumia ujumbe wa picha na kupenya simuni. Walikadiria kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Google ilitengeneza kiraka, na kuanzia Agosti mwaka huo ikawa inatoa viraka vya usalama kila mwezi. Lakini kiraka hakina faida kisipofika, na simu nyingi kuukuu hazikukipata kamwe. Sasa fikiria yaliyomo katika simu yako: picha ya kitambulisho, programu ya benki, karo ya watoto.

Ufanye nini?

Ukienda dukani, iwe Luthuli Avenue au mtaani kwenu, muuzaji atakusifia kamera na ukubwa wa memori. Msikilize, kisha muulize: aina hii itapata masasisho kwa miaka mingapi, na hesabu inaanza lini? Kwa kawaida huanza siku aina hiyo ilipotolewa sokoni, wala si siku unayolipa. Kwa mwenye kununua simu iliyotumika, hilo ni swali la lazima.

Samsung iliahidi miaka saba kwa Galaxy S24 ya Januari 2024, ambayo ni simu ya bei ya juu. Hata hivyo, Galaxy A16, ya bei ya chini zaidi, iliyotolewa mwishoni mwa 2024, iliahidiwa miaka sita. Piga hesabu. Simu ya Sh10,000 yenye masasisho ya miaka miwili inakugharimu Sh5,000 kwa mwaka. Ya Sh18,000 yenye miaka sita ni Sh3,000 tu.

Kwa simu uliyo nayo, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, utazame toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Sasisho likiwepo, lipakue leo. Ikiwa tarehe ni ya miaka miwili iliyopita na hakuna jipya, ondoa humo programu ya benki. M-Pesa ya menyu ya laini itaendelea kukufaa. Hiyo hufanya kazi hata katika mulika mwizi. Simu kuukuu mwachie mtoto asikilizie redio na kujifunzia kupiga picha, lakini pesa za nyumba zisilale humo.