Likizo Yako Usiiuze: Yaweza Kuwafikisha Watoto Baharini



Kila mwaka unapokaribia kwisha, wako wenzetu viwandani na mashambani wanaokwenda ofisini kuuza likizo zao. Hupewa fedha kidogo, hutia sahihi karatasi, na kesho yake wamerudi kwenye mashine au kwenye miwa kama kawaida. Fedha zile huisha hata kabla ya Krismasi. Ukiwauliza sababu, wengi hujibu kwamba likizo ni kukaa bure nyumbani, na kwamba safari ni mambo ya matajiri. Sivyo. Mfanyakazi wa Kampala, Jinja au Lugazi aweza kuwapeleka jamaa zake kuiona bahari ya Mombasa, mradi aanze kupanga mapema na ahesabu kila shilingi.

Tuanze na sheria, maana safari yote imesimama juu yake. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yampa mfanyakazi siku 7 za mapumziko kwa kila miezi 4 aliyofanya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka, na mshahara wake kamili. Yamhusu mtu aliyekwisha kufanya kazi miezi 6 mfululizo na ambaye kwa kawaida hufanya kazi saa 16 au zaidi kwa juma. Tarehe za likizo huwekwa kwa mapatano kati yake na mwajiri. Na hapa sikilizeni vema: mapatano yoyote ya kuiacha likizo hiyo, hata kwa kulipwa fedha, ni batili. Karatasi ile unayotia sahihi mwezi wa Desemba haina nguvu mbele ya sheria. Jambo jingine ni mtu anayeacha kazi au kuachishwa. Huyo hulipwa siku zake ambazo hakuzichukua, na ni haki yake.

Vibarua nao wasidhani kwamba hawamo. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi 4 si kibarua tena. Apaswa kupewa mkataba wa maandishi na haki zote wanazopata wafanyakazi wengine. Walioandikwa upya kila mwezi kwa miaka mitatu na walete habari zao kwa mwakilishi wa chama.

Haki hii haikudondoka kama embe bivu. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza wa likizo yenye malipo, nao ulitaja siku 6 tu za kazi kwa mwaka. Wafanyakazi wa mashamba hawakutiwa ndani, wakangoja mkataba wao mpaka mwaka 1952. Mwaka huo huo wa 1936, wafanyakazi wa Ufaransa waligoma, wakavikalia viwanda, wakapata majuma mawili ya likizo. Serikali yao ikapunguza nauli ya reli kwa ajili ya wenye likizo, na watu waliozaliwa na kukulia miji ya viwanda wakaiona bahari kwa mara ya kwanza. Wao walipewa nauli nafuu. Sisi hatujapewa, kwa hiyo hapana budi tuitafute wenyewe.

Wakati ulio bora ni upi? Wengi huwaza Desemba, na ndipo wanapokosea, kwa sababu Desemba watu wa Nairobi wote wanateremka pwani na kila chumba hupandishwa bei. Aprili hadi Juni ni masika. Mvua itawafungia ndani. Sisi twasema chagueni nusu ya pili ya Januari. Kwa kawaida shule za Kenya hufunguliwa mwanzoni mwa Januari, na wageni wengi wamekwisha kurudi makwao. Shule zetu za Uganda hufunguliwa Februari, kwa hiyo watoto wetu bado wako nyumbani. Upepo ni wa kaskazi, jua ni kali, mvua ni chache, na wenye vyumba wanatafuta wateja. Bei ya chumba ya wakati huo yaweza kujadiliwa. Ile ya Krismasi haijadiliwi.

Lakini Februari ndiyo mwezi wa ada ya shule. Kabla ya kuweka hata senti ya Mombasa, ada ya muhula wa kwanza iwe imetengwa mahali pake. Kama haitoshi, ahirisheni safari mwaka mmoja. Wala msikope kwa ajili ya mapumziko. Wekeni kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo tangu Machi.

Sasa hesabu. Tuseme mfanyakazi ana mwenzi wake na watoto wawili wenye umri wa miaka 6 na 10. Kutoka Kampala mpaka Nairobi ni kama kilomita 650, na basi la usiku huwafikisha asubuhi. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni kama kilomita 480, na hapo treni iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 ndiyo njia nzuri kwa wenye watoto. Huchukua saa tano au sita. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa jamaa hii ni shilingi 4,500 kwenda na 4,500 kurudi, jumla 9,000 za Kenya. Ukihesabu shilingi 28 zetu kwa moja yao, ni kama 252,000 za Uganda. Mtu aliyeweka 25,000 kila mwezi kuanzia Machi hadi Desemba amekaribia kuimaliza. Nauli ya basi, chumba na chakula viandikwe kila kimoja peke yake kwa njia hiyo hiyo, na bei zote ziulizwe upya kabla ya safari, kwani zimepanda zamani na zaweza kupanda tena. Tiketi za treni zinunuliwe siku kadhaa mbele. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, na cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo wekeni na fedha za matatu.

Wazee wetu watakumbuka kwamba reli kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na mtu aliweza kupanda hapa hapa mjini. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo ikagawanywa.

Mpakani Busia au Malaba, tangu mwaka 2014 raia wa Uganda aweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Watoto wasio na kitambulisho wanahitaji hati yao ya kusafiria. Nendeni ofisi ya uhamiaji miezi miwili kabla, si juma moja. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake achukue barua ya mzazi mwenzake. Chukueni pia vyeti vya sindano ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 sindano moja hutambuliwa maisha yote.

Mkifika, msitafute hoteli iliyo juu ya mchanga. Tafuteni chumba chenye jiko mitaa ya Kisauni, Mtwapa au Likoni, mnunue mahitaji soko la Kongowea, mpike wenyewe. Asubuhi mahamri na mbaazi za barabarani zatosha. Ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi ni wa watu wote, na kuingia ni bure. Feri ya Likoni haimtozi anayetembea kwa miguu, na watoto wataifurahia kuliko vitu vingi vya kulipia. Jioni nendeni Mama Ngina mkale mihogo huku meli zikiingia bandarini. Anayewaita kupanda ngamia, mashua au boya la tairi, patana naye bei kabla hujapanda. Kiswahili chetu cha Kampala kitachekwa kidogo. Chekeni nao, bei itashuka.

Bahari si ziwa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kama dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana, kisha hurudi kwa nguvu. Kila asubuhi waulizeni wavuvi saa za maji. Watoto wasiende kwenye miamba maji yanapojaa, wala wasiogelee penye mlango wa miamba, maana mkondo wa hapo humchukua hata mtu mzima. Wavae viatu vya mpira, kwa kuwa chini kuna viumbe vyenye miiba. Chandarua nacho kisiachwe nyumbani. Malaria iko pwani pia.

Wako watakaosema kwamba Ziwa Victoria latosha. Kwa mwenye fedha chache ni kweli, na visiwa vya Ssese vina mchanga mzuri. Lakini ziwa lina kichocho, na bahari haina. Mnaochagua Ssese, watoto wasikae majini penye majani na konokono, nanyi mkirudi mpimwe.

Barua ya kuomba likizo ya Januari iandikwe mwezi wa Oktoba, ikiwa na tarehe ya kuanza na ya kurudi kazini, na nakala yake abaki nayo mwakilishi wa chama. Fedha za basi la kurudi zikae mbali na za matumizi. Rudini Kampala siku mbili kabla ya siku ya kazi, kwa maana foleni ya mpakani haijui zamu yako inaanza saa ngapi.