Iman: Binti wa balozi aliyeuzwa kwa stori ya kuchunga mifugo

Mwaka wa 1975, mpigapicha Mmarekani Peter Beard alimsimamisha msichana mmoja mrefu barabarani jijini Nairobi, akamwomba ampige picha. Msichana hakubabaishwa na umaarufu. Alitaka kitu kimoja tu: alipiwe karo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alikokuwa akisomea Sayansi ya Siasa.

Basi alipotua New York, akakuta stori nyingine kabisa ishaenea. Ati Beard alimpata porini akichunga mifugo, na ati hakujua Kiingereza!

Kumbe huyo "mchungaji" alikuwa akizungumza lugha tano: Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano, Kifaransa na hicho hicho Kiingereza.

Iman alizaliwa Mogadishu, Somalia, mnamo Julai 25, 1955. Babake alikuwa mwanadiplomasia aliyewahi kuwa balozi nchini Saudi Arabia, naye mamake alikuwa daktari wa akina mama. Binti alipelekwa shule ya bweni Misri. Jeshi la Siad Barre lilipotwaa mamlaka mwaka wa 1969, mambo yaliharibika, na familia ikakimbilia Kenya.

Hebu tazama jina lake la kuzaliwa: Zara Mohamed Abdulmajid. Wasomali kwa desturi hawatumii jina moja la ukoo. Mtoto hubeba jina lake, la babake, kisha la babu. Hapo Mohamed ni baba, Abdulmajid ni babu. Na hilo la Iman, ambalo ndilo imani yetu ya Kiswahili, alipewa kwa matakwa ya babu yake.

Isitoshe, watoto wengi wa Kisomali hufunzwa kuyataja majina ya mababu wa upande wa baba, kizazi baada ya kizazi. Hesabu hiyo huitwa abtirsi. Sasa fikiria mtu wa jamii kama hiyo anapogeuzwa kuwa msichana asiye na kwao, aliyeokotwa tu vichakani.

Tusielewane vibaya. Kuchunga mifugo si aibu, na Wasomali wengi wameishi kwa ngamia na mbuzi karne nyingi. Ubaya ni kwamba stori hiyo haikuwa yake. Ilibuniwa kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo walipenda Mwafrika wa porini kuliko mwanafunzi wa chuo mwenye baba balozi.

Iman hakuiacha iendelee. Aliikanusha hadharani, akaendelea kupiga kazi na jarida la Vogue na wabunifu kama Yves Saint Laurent. Katika kazi yake ya kwanza ya Vogue, msanii wa vipodozi hakuwa na poda ya kumfaa. Alianza kujichanganyia mwenyewe, na mwaka wa 1994 akazindua kampuni yake, Iman Cosmetics, kwa wanawake wa ngozi nyeusi na kahawia.

Mwaka wa 1992 aliolewa na mwanamuziki Mwingereza David Bowie, wakajaliwa binti, Alexandria, mwaka wa 2000.

Kwa hivyo wewe unayetamani kupanda jukwaa la mitindo, jua kwenu kabla ya wakala kukuandikia wasifu. Waulize wazazi na nyanya majina, vijiji na safari za ukoo wenu. Usipoisimulia asili yako, kuna mtu atakusimulia, na atachagua ile stori inayouzika.