Geuza hilo bakuli la nyanya kabla hujaliuza

Wakusanyaji wa vitu vya kale Ulaya wana wazimu wao: vyombo vya maua vya kauri kutoka Hungaria. Vinavyosakwa sana ni vya Herend, kiwanda kilichoanza 1826, na Zsolnay cha mjini Pécs, cha 1853. Kikiwa kikuukuu na kimechorwa kwa mkono, watu hutoa pesa ndefu.

Sasa wewe wa Bofu utauliza, hayo yanakuhusu nini?

Yanakuhusu sana. Pwani hii ilikusanya kauri karne nyingi kabla ya Herend kuwasha tanuri. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na humo zilipangwa sahani za Uchina ili mgeni azione. Mambrui, mabakuli yalipachikwa kwenye nguzo ya kaburi. Karne ya 19 yakaja mabakuli ya rangi rangi kutoka Maastricht, Uholanzi. Hayo si kauri hasa, ni udongo uliotiwa ng'aro, lakini ndiyo unayoweza kuyakuta kabatini kwa nyanya yako.

Na ndiyo yanayopotea. Anapita mnunuzi wa vitu vikuukuu, anaacha noti mbili, bakuli limekwenda.

Kwa hivyo ligeuze kwanza. Chini tafuta muhuri wa kiwanda. Ukiona jina la nchi, huenda ni la baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zionyeshe zilikotoka. Kisha lisogeze dirishani. Mchoro wa mkono haufanani: ua hili nene, lile jembamba, na brashi huanza na rangi nzito ikaishia nyepesi. Mchoro wa chapa mara nyingi una vidoti vidogo vidogo, au maua yake yamelingana mno.

Jambo jingine ambalo wengi hatuambiwi. Sheria ya makavazi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Mtalii akikupa dola, kumbuka hilo.

Ukitaka kulizoesha jicho, vuka uende Fort Jesus. Makavazi yale yana kauri za zamani, pamoja na vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome 1697. Lakini beba picha kwenye simu, bakuli liache nyumbani. Msukumano wa feri saa kumi na moja jioni unaujua.