Kupima Dawa za Minyoo ya Moyo wa Mbwa: Tiba Isije Ikawa Mauti

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mbwa aliyeambukizwa mnyoo aitwaye Dirofilaria immitis, kimlacho ki moyoni mwake. Makala haya yananuia kueleza jinsi dawa za minyoo hiyo zinavyojaribiwa na gharama ya majaribio yenyewe.

Jina minyoo ya moyo lapotosha kidogo. Aghalabu minyoo hii huishi katika mishipa ipelekayo damu mapafuni, na huonekana moyoni hasa inapokuwa mingi. Huenezwa na mbu. Lava aachwaye na mbu huchukua takriban miezi 6 au 7 kukomaa. Mnyoo jike huweza kufikia urefu wa sentimita 30, na huishi miaka 5 hadi 7.

Ugumu wa kupima dawa waanzia hapo. Minyoo ya tumboni ikifa hutoka na kinyesi, ikahesabika. Ya mishipani haina pa kutokea. Kipimo cha damu nacho hunasa protini ya minyoo majike tu, na protini hiyo huweza kubaki kwa miezi kadhaa baada ya minyoo kufa. Kwa hiyo, katika majaribio mengi, mbwa wazima huambukizwa lava wa idadi maalumu au hupandikizwa minyoo iliyokomaa, kisha hugawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja hutibiwa, jingine halitibiwi. Hatimaye mbwa wa makundi yote mawili huuawa bila maumivu na kupasuliwa, na minyoo huhesabiwa na mtu asiyejua mbwa yupi alitibiwa. Mathalani, kundi lisilotibiwa likiwa na wastani wa minyoo 20 na lililotibiwa 2, dawa imeua asilimia 90.

Hata hivyo, kuua minyoo si kuponya. Melasomini, dawa yenye arseniki iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, yathibitisha kuwa dawa ya moto ni moto. Minyoo ikifa kwa wingi, vipande vyake huziba mishipa ya mapafu na mbwa huweza kufa. Ndiyo sababu hudungwa sindano moja kwanza, kisha mbili baada ya mwezi, kwa siku mbili zinazofuatana, naye huzuiwa kukimbia muda wote huo. Fauka ya hayo, hutanguliziwa doksisaiklini, dawa inayoangamiza Wolbachia, bakteria waishio ndani ya minyoo ambao minyoo huwategemea.

Wazo hilohilo lilijaribiwa kwa binadamu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Pangani, Tanzania, ambapo wanaume wenye minyoo ya matende walipewa doksisaiklini kwa wiki 8, na wengine vidonge visivyo na dawa. Hapo hapakuwa na kupasua. Minyoo hai ilitazamwa kwa altrasaundi, na dawa ikadhihirika kuwa inaiua.

Ikumbukwe basi kuwa nyuma ya kila asilimia ya ufanisi wamo mbwa waliokufa, wakiwemo wale ambao dawa ilikuwa imewaponya. Kadiri njia za kuwahesabu minyoo katika mwili ulio hai zinavyoboreshwa, ndivyo deni hilo litakavyopungua. Hadi hapo, kinga ni bora kuliko tiba.