Kwenda Bukoba kwa Meli

Sisi tuliozaliwa Buteba, kati ya Tororo na Busia, tunalijua Ziwa Viktoria kwa samaki wake kuliko kwa mawimbi yake. Likizo iliyopita nilipata bahati ya kulivuka kwa meli kutoka Mwanza mpaka Bukoba, mji mdogo wa bandari katika pwani ya magharibi. Kwa kuwa wengi wenu hamjapanda meli, nataka kuwaeleza niliyoyaona, pamoja na jambo moja nililojifunza huko.

Kwanza nijibu swali ambalo wadogo wetu wa kidato cha kwanza huniuliza: meli kubwa iliingiaje katika ziwa lisilo na njia ya meli kutoka baharini? Jibu ni kwamba haikuingia, ilibebwa. Meli ya William Mackinnon iliundwa Skotlandi, ikafika kwetu vipande vipande, nayo ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Wakati huo reli ilikuwa haijafika Kisumu, na vipande vingi vilichukuliwa na wapagazi. Reli ilifika mwaka 1901. Meli ya Victoria nayo iliundwa Skotlandi, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa, ikapakiwa katika mabehewa mpaka Kisumu, ikaungwa tena, na kuanza kazi mwaka 1961. Baada ya matengenezo makubwa ilirudi kazini mwaka 2020. Yaweza kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Zamani mizigo ya Uganda ilivuka ziwa kutoka Kisumu. Lakini reli ipitayo Tororo ilipofika Kampala mwaka 1931, meli zilipungukiwa na kazi hiyo.

Mimi nilikwenda Mwanza kwa basi, kupitia Kisumu na Sirari, na huko mjomba wangu alinipeleka bandarini kukata tiketi. Watu walikuwa wengi. Zamu yangu ilipofika karani aliniuliza majina yangu yote, umri wangu, nitokako, na namba ya simu ya ndugu yangu. Niliona ananichelewesha bure, nikamjibu kwa mkato. Mjomba akanikanyaga mguu, akasema, "Mwambie vizuri, mwanangu." Sikuelewa kwa nini.

Tuliondoka usiku. Kabla ya hapo nilisimama nikitazama wachukuzi wakipakia. Vitu vizito vyote viliteremshwa chini kabisa, katika tumbo la meli. Jambo hili mwenyeji wa Busia halimpi taabu kulielewa. Sote tumewaona waendesha baiskeli wakivusha magunia mpakani. Gunia likifungwa chini, baiskeli hutulia. Likipandishwa juu ya jingine, kona ya kwanza tu baiskeli inalala. Na meli ni vivyo hivyo. Uzito ukiwa chini, wimbi huilaza kidogo, nayo hujiinua. Uzito ukizidi juu, au watu wengi wakikimbilia upande mmoja, huenda isijiinue tena.

Alfajiri nikatoka nje. Ziwa lilikuwa kimya, na mbele yetu kilisimama kisiwa cha Musira chenye majabali, kama mlinzi wa mlangoni. Nyuma yake ndipo ulipo mji. Bukoba ulianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani. Mwezi wa Juni mwaka 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakaushambulia na kuubomoa mlingoti wa simu ya upepo. Siku hiyo ya kufika kwangu hakukuwa na vita ila vya wachukuzi waliogombea mizigo yetu! Akina mama wa chai walikuwa wamekwisha koka moto, na mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa tayari kwa safari ya kurudi Mwanza.

Hapo ndipo nilipoona jinsi mji mdogo unavyoishi kwa meli. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwamba hata Norwei, nchi ya milima inayoshuka mpaka baharini, tangu mwaka 1893 meli za barua zimekuwa zikipita pwani kutoka bandari ndogo hadi bandari ndogo, maana barabara zilikuwa taabu. Mji wa namna hii humngojea mgeni wake kwa siku na saa. Asipofika, wote hujua.

Na Bukoba wanajua. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya Bukoba, iliyotoka hapo na kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ilipokaribia Mwanza. Watu waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Meli hiyo ilijengwa kwa abiria 430 tu. Mwenyeji wetu, mzee wa makamo ya babu yangu, alinisimulia baada ya chakula.

"Ndugu yangu alikuwa daraja la tatu," alisema. "Tulikwenda kuuliza. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. La tatu halikuwa na orodha. Siku nyingi hatukujua kama alipanda au alibaki. Tulimlilia mara mbili, mwanangu: mara ya kwanza kwa kutojua, mara ya pili kwa kujua."

Nilinyamaza. Nilimkumbuka yule karani, nikaona haya.

Nilirudi nyumbani kwa barabara ya Mutukula, Masaka na Kampala, na hivyo nikawa nimelizunguka ziwa. Najua wengi wenu hamtakwenda Bukoba. Lakini Majanji na Sio Port si mbali na kwetu, na huko ndugu zetu hupanda mashua kila siku bila kuhesabiwa. Basi nawasihi mambo mawili. Chombo kikiisha kujaa, shuka ungoje kingine, hata kama wenzako watakucheka. Na ukiulizwa jina, litaje lote, polepole, mpaka liandikwe sawasawa. Kuna watu nyumbani ambao siku moja huenda wakalitafuta.